Kulishusha Gitaa

Uzi wa kwanza ulikatika wenyewe. Gitaa lilikuwa limening'inia ukutani, hakuna aliyeligusa tangu tumzike mdogo wangu, na shemeji yangu, mjane wake, alikuwa uani anapepeta mchele. Alisikia kitu kimelia sebuleni, akadhani paka kaangusha sufuria. Alipoingia alikuta uzi umejikunja kwenye shingo ya gitaa kama sharubu la kambare.

Alinipigia simu Dar es Salaam. "Shemeji, gitaa limelia lenyewe."

Nikamweleza habari za joto, kutu, na chuma kinachochoka kwa kuvutwa muda mrefu. Nilieleza vizuri, kwa mifano, kama ninavyoeleza darasani, na kama ilivyo darasani, upande wa pili ulikuwa kimya.

"Sawa, shemeji," alisema mwishowe. "Ila mama anasema ni yeye anaita."

Mama akaichukua simu. Hakutaka habari za joto wala kutu. Alisema siku ya kumaliza msiba nifike mapema, nije na nyuzi, nilitengeneze gitaa la mdogo wangu, kwa sababu siku hiyo anataka kuimba.

"Makaburini sikumwimbia," alisema. "Mdomo ulifunguka, sauti ikakataa. Nyie mmeshamzika, mwanangu. Mimi bado."

Wimbo aliokuwa akiusema hauna jina na hauko kwenye kitabu chochote. Ni wimbo wa kuamia ndege. Wenye mashamba ya mpunga wanajua: punje zikianza kujaa maziwa, kwelea hushuka kama moshi, na lazima mtu awe shambani tangu alfajiri, apige debe, arushe udongo, apayuke. Shambani kwetu Idete mama hakupayuka. Aliimba. Wimbo ulianzia chini, kwa maneno ya Kindamba ya kuwakaribisha ndege kana kwamba ni wageni waliotoka mbali, ukawauliza habari za safari, ukawahurumia kwa njaa yao. Halafu ukaanza kupanda. Ukapanda, ukapanda, na pale mwisho, ambapo wageni walitakiwa kuelewa kwamba wakati wa kuondoka umefika, sauti ya mama ilikuwa juu kiasi kwamba hata sisi watoto, tuliokuwa na kila haki ya kuwa pale, tulijisikia kuruka.

Mdogo wangu ndiye aliyeutafutia wimbo ule gitaa. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya Ifakara, na gitaa alijifunzia chuo cha ualimu. Mimi nilikwenda chuo kikuu, nikajifunza kunywa kahawa na kubishana. Mama alipochoka na shamba alihamia kwa mdogo wangu mjini, na kila Jumapili wakitoka kanisani walikaa barazani, mmoja kwenye kiti, mwingine kwenye mkeka, wakawafukuza ndege ambao hawapo. Nilikuwa nikiwakuta hivyo kila Krismasi. Mwaka mmoja nilivutiwa mno na jinsi sauti ya mama isivyozeeka, nikaandika makala kuhusu sauti zisizozeeka, jinsi kumbukumbu inavyoulinda mwili, na mengine ya namna hiyo. Makala ilisifiwa.

Ni lazima niseme pia kwamba mimi ni daktari. Katika mji wenye hospitali kubwa na watafiti wa malaria kila kona, neno hilo linahitaji uangalifu. Mdogo wangu alipolazwa, figo zote mbili zikiwa zimechoka, ndugu walikuwa wakiwaambia wauguzi, "Kaka yake ni daktari, yuko njiani." Niliposhuka kwenye basi na kuingia wodini na begi langu, nilipewa njia kama mtu anayesubiriwa. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akaniuliza kwa heshima, "Shikamoo, daktari. Wewe ni wa nini?"

"Fasihi," nikasema.

Alinitazama. Halafu akavuta kiti cha plastiki. "Karibu ukae," akasema, na kwa huruma yote aliyokuwa nayo, hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa cha kunipa. Nilikaa kwenye kiti kile mpaka mwisho. Mdogo wangu alicheka kidogo, siku ambazo aliweza. "Usijali, kaka," alisema. "Na mimi hesabu zimekataa."

Basi nilifika siku moja kabla ya msiba kumalizwa, begani begi, ndani ya begi pakiti mpya ya nyuzi. Safari nzima, tangu Mikumi, tukashuka Kidatu kwenye miwa, tukapita Sanje chini ya milima, nilikuwa nimebandika macho kwenye simu, natazama mzungu mmoja anavyoonyesha namna ya kubadilisha nyuzi za gitaa. Alikuwa na ndevu na meza safi. Alisema nyuzi zote zitolewe kwa pamoja, mbao ifutwe, ipakwe mafuta, ndipo zifungwe mpya, zote za umri mmoja. Nilikubaliana naye kabisa. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kubadilisha nyuzi zote kwa pamoja. Ulibadilishwa uliokatika, na zilizobaki ziliendelea na kazi kama watumishi wa umma. Nikaona hii ndiyo nafasi ya mimi, kaka mkubwa, kufanya jambo moja kikamilifu.

Asubuhi ya siku yenyewe nikakaa barazani. Uani wanawake walikuwa wameshawasha moto wa masufuria makubwa, vijana wanafunga turubai, bajaji zinashusha viti vya kukodi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mtoto wa jicho ameshamfunika jicho moja na anamnyemelea la pili. Nikalilaza gitaa mapajani kama mgonjwa.

Jambo la kwanza nililoliona lilinitia uchungu. Nyuzi zilikuwa zimelegea. Siyo kulegea kidogo. Zilikuwa zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo yenye blanketi. Nikafikiri: mdogo wangu amekaa wiki ngapi, masikini, hana nguvu hata ya kuzungusha kikazio cha uzi. La pili lilikuwa baya zaidi. Nyuzi mbili nyembamba, ule uliokatika na wa pili wake, hazikuwa nyuzi za gitaa. Zilikuwa nyaya za kijivu, nene kuliko za dukani, zilizochambuliwa kutoka kwenye waya wa klachi ya pikipiki. Vile vishanga vya shaba vinavyokaa mwisho wa uzi alikuwa amevitoa kwenye nyuzi za zamani akavifunga upya kwenye nyaya hizo, kwa mikunjo midogo iliyolingana, kama anavyochora mwalimu wa hesabu. Nikamwazia mdogo wangu akiomba waya kwa fundi wa bodaboda wakati mimi Dar nalalamika mtandao uko taratibu. Nikamhurumia kwa ile huruma nzuri ya mtu mwenye pakiti mpya mkononi.

Nikazing'oa zote. Nikazikunja, nikazitia kwenye kopo tupu la maziwa ya watoto, nikalisukuma kopo kando ya takataka.

Shemeji alikuwa anapita na beseni la vitunguu. "Unazitupa hizo?"

"Zimechoka, shemeji. Tazama kutu."

Aliweka beseni chini, akaokota kopo, akaingia nalo ndani. Mjane, nikafikiri. Kila kitu kwake ni kumbukumbu. Nami nikaendelea kufuta shingo ya gitaa kwa kitambaa. Yule mzungu alikuwa na mafuta maalumu ya limau. Mimi nilipata mafuta ya nazi.

Mama alinusa. "Nani ameoga?"

"Hakuna, mama. Nalipaka gitaa mafuta."

"Unalipaka mafuta?"

"Mbao isikauke."

"Hee." Akatafakari. "Lipake mpaka magotini, kama mtoto anayepelekwa kliniki."

Nilifunga nyuzi mpya mmoja baada ya mwingine. Nilichomwa kidole, nikafunga mmoja upande usio wake, nikafungua, nikafunga tena. Zilipokuwa zote mahali pake ziling'aa hadi nikaona aibu, kama mtu aliyekuja msibani na viatu vipya. Kisha nikaweka simu juu ya goti nikafungua ile programu yenye mshale. Unapiga uzi, mshale unakimbia kushoto au kulia, na ukifika sawasawa kioo kinakuwa kijani na simu inalia kidogo.

"Hicho kinacholia kama mbu ni nini?" mama aliuliza.

"Ni simu. Inaniambia sauti sahihi ya kila uzi."

"Yenyewe kaiambia nani?"

"Wataalamu, mama. Dunia nzima wamekubaliana."

"Mimi hawakuniuliza," mama alisema, na kwa kuwa alisema kwa utani nikacheka, na nikaendelea kukaza hadi kioo kikawa kijani kwa kila uzi.

Misa ya nyumbani iliisha kabla ya jua kuwa kali. Tukala wali na perege, wazee wakagawa nguo za marehemu na kusema maneno yanayosemwa. Watani wetu walikuwa wamefika. Kwa asiyejua: mtani msibani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Anaweza kulala mahali alipolala marehemu, akadai chakula chake, akavaa suruali yake, akasema juu yake yale ambayo ndugu hawathubutu, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Kazi yake ni kuhakikisha hatuzami. Mtani wetu mkuu ni mama mmoja muuza ndizi wa Sanje, mnene, mwenye sauti ya kuita magari, na siku ile alishughulika na mimi kwanza.

"Daktari," alinisalimia mbele ya watu, "umekuja kumpima marehemu? Umechelewa, ameshapona."

"Nashukuru, mtani."

"Nasikia umemletea gitaa dawa. Linanukia hadi jikoni. Nilidhani tunapikiwa maandazi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimelikumbatia gitaa. Halafu mzee wa ukoo akanyamazisha, akasema mama ana jambo lake na mwanawe, tumpe nafasi.

Mama aliletewa kiti katikati ya turubai. Mimi nikakaa kwenye mkeka, mahali pa mdogo wangu. Napaswa kusema kwamba kwenye gitaa najua mikao mitatu ya vidole, yote mitatu alinifundisha yeye, na kwa bahati wimbo wa kuamia ndege hauhitaji wa nne. Nikaanza. Gitaa lililia vizuri sana. Kila uzi ulisema jina lake. Lilikuwa gitaa safi, kali, la dukani, na nikaona wanakwaya wawili wanatikisa vichwa kwa kuridhika, nami nikajisikia kwamba angalau hili nimelifanya.

Mama akaingia. Pale chini, kwa kuwakaribisha ndege, ilikuwa sawa; ilikuwa juu kidogo kuliko nilivyokumbuka, lakini ilikuwa sawa. Akawauliza habari za safari. Akawahurumia kwa njaa. Kisha wimbo ukaanza kupanda, na katikati ya mpando sauti ikakwaruza, ikawa pumzi tupu. Alikohoa. "Ngoja," akasema, "nianze tena."

Tukaanza tena. Nilipunguza kasi, kana kwamba tatizo ni kasi. Ilivunjika palepale, na safari hii hakukohoa. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka, na wote tuliokuwepo makaburini tulimwona akiwa vilevile kama siku ile. Niliendelea kupiga gitaa kwa muda kidogo baada ya yeye kunyamaza, kwa sababu mikono yangu huchelewa kupata habari. Kisha nikanyamaza na mimi.

Mama alivuta pembe ya khanga akajifuta mdomo, siyo macho. "Basi," alisema, kwa sauti ya mtu anayekataa chai. "Nimezeeka. Mleteni anipeleke ndani."

Hakusema nani aletwe. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na hakusogea. Wanawake walitazama chini. Sijui kimya kile kingetupeleka wapi, maana hata mzee wa ukoo alikuwa anatazama kofia yake.

"Mama, kaa hapo hapo," alisema mtani. "Umekosea mtu. Huyu ni wa fasihi. Ngoja nikuitie mwenyewe."

Aliokota kutoka kwenye fungu la nguo shati la mistari la mdogo wangu, akalivaa juu ya gauni, vifungo vikigoma tumboni. Akamvua mjomba wetu miwani akaiweka kwenye ncha ya pua. Akatembea kuelekea kwangu kwa ule mwendo wa mdogo wangu, bega moja mbele, kama anayepita kati ya madawati, na watu wakaanza kuguna kwa sababu alikuwa yeye kabisa.

"We kijana wa nyuma, toa miguu," alimwambia mzee mmoja wa miaka themanini. "Umeandika jibu. Njia iko wapi? Sitaki jibu bila njia."

Kicheko kikapasuka. Hayo yalikuwa maneno yake ya kila siku. Mtani akanisukuma kwa goti, akanipokonya gitaa, akakaa kwenye mkeka, akaliegemeza kwenye paja la kushoto, akainamisha sikio hadi likagusa mbao. Halafu akafanya kitu ambacho nimekiona kila Krismasi na sijawahi kukitazama. Aliinua macho juu ya miwani akamtazama mama shingoni. Hakuangalia nyuzi. Alitazama koo la mama.

"Mama, hebu nipe sauti."

Mtani akamjibia mwenyewe, kwa sauti ya kizee, "Mmmm."

Akagusa uzi, ting. Akatikisa kichwa. Akazungusha kikazio, akielekeza chini. Tung. "Mmmm," akajijibia. Akazungusha tena chini. Tong. Kila aliposhusha alijifanya anakohoa, au anamfukuza inzi, au anauliza, "Mama, leo padri alisema nini vile?", ili mama asisikie uzi ukiteremka. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Shemeji mlangoni alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na haikujulikana tena ni kicheko au ni kile kingine.

"Hapo hapo," mtani alisema, kwa sauti ya mdogo wangu, ile ya upole aliyoitumia kwa wanafunzi waliofeli. "Umeona, mama? Sauti yako ileile ya mpungani. Haijabadilika hata kidogo."

Nilitazama nyuso. Wote walijua. Majirani waliopita njiani Jumapili, wanakwaya, mjomba asiye na miwani, wote walikuwa wamemwona mdogo wangu akilishusha gitaa mwaka hadi mwaka, nusu ya nusu ya hatua ya sauti, akilifuata koo la mama lilivyokuwa linateremka, ili siku zote lile gitaa na ile sauti vikutane na mama aamini kwamba hakuna kilichoondoka. Ni mimi tu niliyekuwa sijui. Mimi niliandika makala.

Na nyuzi hazikuwa zimelegea kwa ugonjwa. Wala nyaya za klachi hazikuwa umaskini. Uzi mwembamba wa dukani ukiushusha kiasi hicho unagonga vyuma vya shingoni, unakereketa kama bati lililolegea; unataka kitu kinene zaidi, kinachoweza kukaa chini na bado kikaimba. Mtu mwingine angeandika jibu tu. Yeye alikuwa na njia.

Mtani alinirudishia gitaa. Nilijaribu kulishusha kama yeye, na ndivyo ilivyokuwa: nyuzi nyembamba zikaanza kukereketa. Kabla sijasema lolote, shemeji alikuwa ameshafika na lile kopo la maziwa.

Nikafungua mbele ya watu wote kile nilichokuwa nimekifunga asubuhi. Nyaya zile zilikuwa bado na mikunjo yake, kila mkunjo umejua pa kukaa. Uliokatika ulikuwa umekatikia karibu na kikazio, kipande kilichobaki kikatosha kwa shida. Wakati nakifunga, kichwani nilikuwa natafuta uongo. Nilitaka kumwambia mama kwamba kosa ni langu, nimekaza mno, nyuzi mpya hupanda zenyewe, chochote. Nilikuwa naogopa kwamba mchezo wa mtani umemnyang'anya kile mdogo wangu alichomtunzia.

"Mama," nilianza, "unajua, hizi nyuzi mpya…"

"Nyamaza ufunge," mama alisema. Uso wake ulikuwa umeelekea mahali sauti ya mtani ilipokuwa imetokea. "Mnadhani sikujua? Mimi nimezaa. Najua mtoto anavyokohoa, na najua anavyojifanya kukohoa." Akaikunja pembe ya khanga. "Alikuwa ananificha. Na mimi nikawa namficha kwamba najua. Tulikuwa vizuri tu."

Mtani alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati la marehemu, akamrudishia mjomba.

"Mama," nikasema, "hebu nipe sauti."

Aliitoa. Ilikuwa chini, chini sana kuliko nilivyodhani, sauti ya mtu mzima aliyekaa karibu na majivu. Sikutoa simu. Niliteremsha uzi wa kwanza hadi vikakutana, na vilipokutana nilihisi mtetemo mdogo kwenye mbao, kifuani pangu, ukatulia. Nikateremsha wa pili, na wengine. Ilichukua muda na hakuna aliyeondoka. Gitaa halikuwa tena safi. Lilikuwa na sauti nene, ya ukungu kidogo, na ndipo nikaitambua. Ndiyo sauti niliyokuwa nikiisikia Krismasi zote zile.

Mama aliimba. Aliwakaribisha ndege, akawauliza habari za safari, akawahurumia. Wimbo ulipoanza kupanda alipanda nao, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi za hospitali huku ameshika ukuta, na akafika. Pale juu hapakuwa tena juu. Kwelea hata mmoja asingeondoka kwa sauti ile. Lakini alifika, akakaa pale hadi pumzi ikaisha, na aliposhuka alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, kwa sauti, mdomo wazi, na wanawake wakamzunguka wakalia naye. Mimi nilibaki nimeshika gitaa. Wakati huu mikono ilipata habari mapema.

Ndugu waliamua gitaa libaki ukutani kwa shemeji na niwe nalitunza mimi. Ni uamuzi wa ajabu, mtunzaji yuko Dar, lakini nadhani walitaka tu niwe nakuja. Nakuja. Mvua zikiwa kubwa na bonde limejaa maji nakuja kwa kuchelewa, lakini nakuja. Ule waya mfupi ulikatika tena, nikaenda kwa fundi wa bodaboda karibu na kivuko cha zamani nikaomba waya wa klachi. "Wa gitaa?" aliuliza, akaninyooshea bila maneno mengine. Kufunga kishanga kwa mikunjo iliyolingana bado sijaweza. Yangu inafanana na maandishi yangu.

Jicho la pili la mama limeshafunikwa. Jumapili ya mwisho niliyokuwa huko tulikaa barazani, yeye kwenye kiti, mimi kwenye mkeka, shemeji anachambua mchele karibu yetu. Nikamwomba sauti, akanipa, na ilikuwa chini ya pale nilipoliacha gitaa mara iliyopita. Siyo sana. Nilimtazama kooni. Nikauliza padri alisema nini kanisani, kwa sauti kubwa kidogo, na wakati anajibu nikazungusha vikazio chini, kimoja baada ya kingine.

Shemeji aliinua macho kutoka kwenye ungo, akayashusha.

Mama alimaliza habari za padri. Akainamisha kichwa upande, kama anayesikiliza mtu anayekuja kutoka mbali.

"Umelishusha?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Haya," akasema, akajiweka sawa kwenye kiti. "Anza."